Wageni wa Bwana Tarrow

Mambo yote yanaanzia mlangoni. Ukiingia chumbani kwa mzee aliyepotewa na kumbukumbu, usitokee nyuma yake na usiingie ukiongea. Simama pale anapoweza kukuona, ngoja macho yake yakufikie, ndipo utaje jina lako. Taja hata kama mlisalimiana muda mfupi uliopita. Wewe unaona ni asubuhi ileile, lakini yeye pengine ameshavuka miaka.

Aliyenifundisha hivyo ni Ate Luz, Mfilipino aliyekuwa msimamizi wetu sisi tuliotumwa majumbani kulea wagonjwa hapa Doha. "Ate" kwao ni dada mkubwa. Nilimwita hivyo mpaka nikastaafu, ingawa mimi ndiye niliyemzidi umri, na hakuna siku alinisahihisha.

Nyinyi vijana mnafika mkiwa mmefundishwa vizuri. Mna vile vifaa vya mkononi vinavyolia mzee akifungua mlango, na mna picha za kuwaonyesha jinsi ya kumgeuza mtu kitandani bila kujivunja mgongo. Sisi tulifunzwa kinyume. Tuliambiwa mgonjwa arudishwe kwenye ukweli: muulize leo ni siku gani, muulize rais ni nani. Mzee mmoja nilimuuliza hilo la rais kila asubuhi mpaka akaniambia, "Kama wewe hujui, muulize dereva." Na kulikuwa na bibi mmoja Msyria aliyekuwa akimngoja mumewe kwa kifungua kinywa. Kila siku nilimweleza kwa upole kwamba bwana alishafariki. Kila siku alilia upya. Ate Luz alikuja kukagua kazi, akanivuta jikoni.

"Conso," akasema, "umemuua yule bwana mara ngapi?"

Tangu siku hiyo nikaacha kubishana na wagonjwa. Hayo yasingekuwa na maana kubwa kama nisingetumwa baadaye kwa Bwana Tarrow.

Kila Ijumaa baada ya ibada wasichana wa kanisani huja hapa mtaa wa Najma, kwa mpwa wangu, ninakokaa nikingoja kurudi nyumbani. Wananiomba niwasimulie habari za yule mwigizaji. Wamesikia vipande vipande kutoka kwa walinzi wa jengo alilokaa, na walinzi wameongeza chumvi. Basi someni niliyoyaona mimi.

Edmund Tarrow alikuwa Mwingereza, mjane, na alikuwa ameigiza kwa karibu maisha yake yote. Alikuja Doha kukaa na binti yake Helen, mhandisi wa majengo, katika fleti ya juu kule kisiwa cha Pearl, madirisha yakiangalia bandari ya mashua za matajiri. Jina lake hamlijui, na hata kwao ni wachache waliolijua. Sura yake ndiyo iliyojulikana.

"Kuna watu ambao majina yao huandikwa juu ya bango," aliniambia siku ya kwanza, wakati bado alikuwa na siku nyingi nzuri. "Na kuna watu wanaowafungulia mlango. Mimi nilifungua milango."

Alikuwa ameigiza mtumishi wa kasri, padre, hakimu, daktari anayetikisa kichwa, mkata tiketi za treni. Alikuwa ameigiza maiti mara nyingi na alijivunia hilo kuliko yote. Alinieleza jinsi ya kupumua kwa tumbo la chini ili kifua kisionekane kikipanda. "Kufa ni rahisi," alisema. "Kubaki umekufa huku inzi ametua puani, hapo ndipo kazi ilipo."

Asubuhi za baridi tulitembea kando ya maji, yeye na fimbo yake, mimi na chupa ya maji. Watu walimsimamisha, na hawakusema wamemwona kwenye filamu. Walisema wanamjua. Mmisri mmoja alimshika mkono akimshukuru kwa kumtibu baba yake hospitalini Aleksandria. Mhindi mwenye duka la simu aliapa kwamba Bwana Tarrow alikuwa mwalimu mkuu wake shuleni, akasimama wima mbele yake kama mtoto. Mzee aliinamisha kichwa, akapokea shukrani zote.

"Mbona huwaambii ukweli?" nilimuuliza.

"Waliniona wakiwa wameketi sebuleni na baba zao," alijibu. "Tulikuwa pamoja kweli."

Hata mimi, siku aliponifungulia mlango mara ya kwanza, nilihisi kwamba zamani sana, nikiwa mdogo, mimi ndiye niliyemfungulia yeye. Sikumwambia mtu.

Ugonjwa ulipokolea, wale watu wake walianza kuja. Mimi niliwaita wageni. Niliingia asubuhi, nikasimama mlangoni, nikangoja kuona leo amekuja nani. Akija mtumishi wa kasri, nilijua nitaletewa chai kwa sinia na hatakubali kuketi nikiwa nimesimama. Akija hakimu, uji ulihukumiwa kifungo kwa kosa la kuwa na madonge. Nilicheka mpaka nikashika meza. Helen ndiye aliyeumia. Alimwambia, "Baba, wewe si padre. Wewe ni baba," na mzee alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu aliyeketi kwenye kiti chako kwa makosa.

Halafu akaja Afisa.

Ilikuwa majira ya ukungu. Msidhani Doha ni jua tu. Kuna asubuhi za baridi ambazo ukungu unatoka baharini na kumeza minara, na ukiwa ghorofa ya juu huoni chini wala mbele. Siku hiyo alitoka chumbani amevaa koti jeusi na kofia, na mgongo uliokuwa umepinda kwa miaka ulikuwa umenyooka. Nyayo zake kwenye marumaru zilikuwa nzito. Alikuwa mzee mwepesi, nilimwinua mwenyewe kila siku, najua uzito wake. Nyayo zile zilikuwa za mtu mwingine.

Tuliposhuka kwa lifti, alienda moja kwa moja kwenye meza ya mapokezi alipokaa mlinzi wetu Bikram, kijana wa Nepali. Akavua kofia, akaiweka kwapani. Akasema polepole, kwa sauti ya chini, "Naomba uketi kwanza. Nimeleta habari."

Bikram alikuwa ameketi tayari. Alitabasamu, akangoja. Mzee alimtazama kwa muda, kisha akavaa kofia na kuondoka bila kusema habari yenyewe.

Mchana ule Bikram alipigiwa simu kutoka kwao. Baba yake alikuwa amefariki.

Hatukuunganisha mambo hayo. Nani angeyaunganisha? Siku zikapita, wageni wengine wakaja wakaenda, mpaka asubuhi nyingine ya ukungu Afisa akaingia jikoni, akavua kofia mbele ya Marites, mpishi wa Helen. "Naomba uketi kwanza. Nimeleta habari." Marites alikuwa na kisu mkononi na kitunguu mbele yake. Hakuketi. Jioni aliambiwa dada yake amegongwa na gari huko Ufilipino.

Ndipo maneno yakaanza kuzunguka jengo. Wafula, mlinzi kutoka kwetu Bungoma, kijana mwenye mabega kama kabati, aliningoja karibu na lifti.

"Auntie, mimi na huyo mzee hatutapanda lifti moja tena. Akianza tu kutoa kofia nahepa, wacha wanifute kazi."

"Ni ugonjwa, Wafula. Aliigiza polisi wa kuleta habari za msiba kwenye filamu nyingi. Anarudia kazi yake."

"Sawa. Lakini ugonjwa gani unajua mambo ya Nepal?"

Nilijaribu kujipa jibu. Bikram alikuwa akitazama simu yake wiki nzima kwa sababu baba alikuwa mgonjwa, na mtu aliyesoma nyuso za watu maisha yake yote angeweza kuona hofu kabla yetu. Hilo linaingia akilini. Lakini dada yake Marites alikuwa mzima, alikuwa akienda sokoni. Hapo maelezo yangu yanaishia, na mpaka leo yameishia hapohapo.

Wafanyakazi walianza kukwepa ghorofa yetu. Mleta maji aliacha chupa kwenye lifti, akaituma lifti juu bila mtu ndani. Msimamizi wa jengo alimwita Helen, na Helen aliporudi aliniambia mzee asishuke tena. Alianza pia kuulizia nyumba za wazee huko Uingereza. Nilizijua nyumba hizo kwa simulizi za wenzangu waliofanya kazi huko: korido ndefu, milango yenye namba za siri. Mtu mwenye wageni wengi kama wale angepewa dawa za kumlaza mpaka wageni wote waondoke na yeye aondoke nao.

Nilikuwa nikipiga pasi alipokuja kwangu. Ilikuwa siku ya vumbi, dirisha lote limegeuka rangi ya chai, na kiyoyozi kilikuwa kikivuma kama mtu anayepumua kwa mdomo. Wiki ileile mama yangu alikuwa amelazwa hospitalini huko kwetu Webuye. Nilisikia zile nyayo nzito koridoni. Nikajua kabla hajafika.

Akavua kofia. Akaiweka kwapani.

"Naomba uketi kwanza."

Nilikuwa nimefundisha wasichana wengi wasibishane na mgonjwa. Lakini miguu yangu ilikataa kukunjika. Nikasema, "Afisa, umekosea nyumba."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa ya rangi ya kijivu na siku hiyo yalikuwa kama yamefutwa. Akatazama kiganja chake kitupu kana kwamba kuna anwani imeandikwa pale.

"Samahani kwa usumbufu, mama," akasema, akavaa kofia, akatoka.

Nilikimbilia bafuni nikampigia kaka yangu.

"Mama yuko aje?"

"Anakula uji. Analalamika hauna sukari. Kwani kuna nini?"

Nilikaa kwenye ukingo wa beseni nikacheka peke yangu.

Lakini mzee hakutulia tena. Padre hakuja, hakimu hakuja, mtumishi na sinia yake hakuja. Alibaki Afisa peke yake, kutwa, akitafuta nyumba. Aligonga mlango wa bafu, akagonga kabati la nguo, akagonga jokofu, akingoja kwa heshima kila mara kabla ya kwenda kwingine. Chakula alikataa. "Siwezi kula nikiwa kazini," alisema. Alikonda mpaka kofia ikawa inamshukia kwenye nyusi.

Na kuna hili, ambalo Marites alilisikia pia, kwa hiyo sikuota. Mlango mkubwa wa fleti ulikuwa unagongwa mchana. Mapigo matatu, ya mtu asiye na haraka. Nikifungua, korido ni tupu, taa zote zinawaka, zulia halina hata unyayo. Nikirudi ndani namkuta mzee kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, hajasogea.

"Wamefungua?" ananiuliza.

Nilimpigia Ate Luz. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Mtu amekuja na mzigo, nawe umemfukuza mlangoni," akasema. "Atauweka wapi? Mpokee."

"Na kama mzigo ni mama yangu?"

Nilisikia watoto wake wakigombana nyuma yake.

"Mama yako ataondoka siku yake, Conso, uwe umeketi au umesimama. Lakini huyo mzee anakufa na njaa sasa hivi."

Jioni hiyo nilimuuliza Helen kama yuko mtu ambaye baba yake alipaswa kumpa habari na hakumpa. Alifikiri nimepagawa na maneno ya walinzi. Kisha akaketi, akanisimulia jambo ambalo, alisema, hakuwahi kulitamka kwa sauti.

Mama yake alikufa ghafla, asubuhi, nyumbani. Bwana Tarrow alikuwa kazini, anaigiza afisa wa polisi anayemletea mama mmoja habari ya msiba. Simu ilipigwa mapema pale walipokuwa wakipiga filamu. Waliokuwa wakisimamia filamu waliona wakimwambia atashindwa kuendelea, na siku nzima itapotea. Wakanyamaza. Basi mzee wa watu alisimama mlangoni kofia kwapani kutwa nzima, akirudia maneno yaleyale, huku kila mtu nyuma ya kamera anajua isipokuwa yeye. Alikuja kuambiwa jioni, kwenye korido, na kijana aliyekuwa amebeba kikombe cha chai.

"Hakuwahi kulia," Helen alisema. "Aliwaambia asante."

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi Helen alikuwa nyumbani, na vumbi lilikuwa limerudi. Nilimsikia mzee akigonga mlango wa sebule, mapigo matatu. Nikaufungua mwenyewe.

"Karibu, Afisa," nikasema. "Ni hapa."

Akavua kofia. Akaniomba niketi, nikaketi. Nilimwona mama yangu kitandani Webuye, waziwazi, na shuka la bluu.

"Wewe ndiye Bwana Tarrow?" akauliza.

"Ndiye mimi."

"Ni kuhusu mke wako." Akavuta pumzi. "Amefariki. Asubuhi hii, nyumbani kwenu. Jirani alikuwa naye. Hakuumia."

Angalieni jinsi alivyosema, nyinyi mnaokuja kuzifanya kazi hizi, maana siku moja mtalazimika kusema. Hakusema ametutoka wala amepumzika. Alisema amefariki, akanyamaza, akabaki amesimama palepale bila kukimbia macho yangu. Nami sijui swali lilitoka wapi, kwa sababu sikulipanga.

"Mbona mmechelewa kuniambia?"

Midomo yake ikacheza. Sauti iliyotoka haikuwa ya Afisa.

"Walitaka nimalize kazi kwanza," akasema.

Kisha akaketi kando yangu kwenye kochi, na Afisa hakuwahi kuketi. Nikaichukua ile kofia mikononi mwake. Alilia kama watu wazima wanavyolia wakiwa wamechelewa kulia, bila sauti, mwili wote. Helen alikuwa koridoni. Niliona kivuli chake ukutani kikishuka taratibu mpaka sakafuni.

Mlango haukugongwa tena. Afisa hakurudi, wala mgeni mwingine yeyote niliyemzoea. Mzee alikula, akalala, akanyamaza kwa siku kadhaa. Habari za nyumba ya wazee ziliisha zenyewe. Mama yangu aliruhusiwa kutoka hospitalini akiwa bado ananung'unikia sukari, na nitamkuta hai nikirudi, Mungu akipenda.

Kisha asubuhi moja nilisimama mlangoni pake nikaona mtu nisiyemjua.

Alikuwa ameketi kitandani, kikombe amekishika kwa mikono miwili, mabega yameinama kama ya mtu wa kubeba mizigo. Aliponisalimu nilishtuka. Kiingereza chake kilikuwa kizito, kinameza mwisho wa maneno, na ilibidi nimwombe arudie. Alicheka kwa mabega. Aliniuliza natoka wapi, kwetu tunalima nini, kama mvua imenyesha. Tangu nimjue mzee, hakuna mgeni wake aliyewahi kuniuliza habari za mvua kwa kutaka kujua kweli.

"Na wewe ni nani?" nikauliza.

"Wilf," akasema, kana kwamba ningepaswa kujua.

Helen alikuja akasikiliza kutoka mlangoni, uso ukamwisha damu. Alizijua sauti zote za baba yake, kwa sababu utotoni alizicheza naye mezani. Hiyo hakuijua. Alitafuta filamu za zamani kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, na hakuipata popote.

"Conso, mtu huyo ananitisha," aliniambia jikoni. "Anajua jina langu. Anaongea nami kwa upole. Lakini simjui."

Kwenye pasipoti jina lilikuwepo, Wilfred, lakini halikutumika nyumbani kwao hata mara moja. Alikuwa ameliacha alipokuwa kijana, alipokwenda kujifunza kuigiza na akaambiwa sauti ile ya kwao haitampeleka popote. Waliomjua kabla ya hapo walikuwa wamekufa, isipokuwa dada yake mkubwa, Nora, huko kaskazini mwa Uingereza, kikongwe ambaye Helen alimpigia simu Krismasi tu. Helen aliogopa kumpigia. Nilimwambia apige tu, yule mtu aliye chumbani si wa kukaa muda mrefu. Sikukosea. Alikufa akiwa Wilf, kwa amani, kabla joto la mwaka ule halijaanza.

Helen alipiga, akafungua spika ya simu, akaiweka juu ya shuka. Alimweleza shangazi yake kwamba baba hajisikii vizuri, kwamba anaongea kwa namna ngeni. Mzee alisikia sauti ya dada yake. Akainama kuelekea simu.

"Nora," akasema. "Umewafungia kuku?"

Tulidhani laini imekatika. Kisha yule bibi akaongea, na hakuwa akiongea na mdogo wake.

"Helen," akasema, "mmempata wapi?"

Wilf alikuwa bado ameinama, anangoja, ana wasiwasi, jua la kwao likiwa labda limeanza kuzama. Na bibi yule, ambaye hakuna aliyemfundisha kazi yetu, akakohoa kusafisha koo.

"Nimewafungia, Wilf," akasema. "Wote wako ndani. Njoo ule."